Bustani Yako: Maua Yapo, Viwavi Hawapo

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: vipepeo wanaohama na namna ya kuwapandia mimea ya asili. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha. Majina ya kisayansi ya mimea tumeyaacha yalivyo, kwa sababu majina ya mtaani hubadilika kila mahali, na katika kazi hii ukikosea mmea umekosea yote.

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Nina bustani yenye maua ya kila rangi. Vipepeo wanakuja, wanakunywa, wanakwenda zao. Sijawahi kuona yai wala kiwavi hata mmoja. Nakosea wapi?

JIBU: Umefanya nusu ya kazi, tena ile nusu nyepesi. Kipepeo aliyekomaa hachagui sana. Ua lolote lenye nekta inayofikiwa na mrija wake linamfaa. Mwenye masharti ni kiwavi. Jike anapotua kwenye jani hulionja kwa miguu, na akikuta si mmea ambao viwavi wake wanaweza kula, huruka bila kutaga. Ukimtazama kwa makini utamwona: anagusa jani kwa sekunde moja, anaruka, anagusa la pili, anaruka tena. Huyo ana shibe yake. Anatafuta pa kuacha mayai.

Kwa vipepeo wanaohama jambo hili lina uzito zaidi, kwa kuwa mara nyingi safari haimalizwi na kipepeo aliyeianza. Chukua Vanessa cardui, yule wa rangi ya machungwa yenye madoa meusi na ncha za mabawa zenye mabaka meupe. Mzunguko wake kati ya Afrika ya kitropiki na kaskazini ya mbali ya Ulaya unafikia takriban kilomita 14,000 hadi 15,000 kwenda na kurudi, na unakamilishwa na vizazi kadhaa vinavyopokezana. Kila kizazi kinahitaji jani la kukulia njiani. Njia yenye maua matupu inamfikisha kipepeo mmoja mbele kidogo, basi.

Kwa hiyo anza na jani, ua lifuate. Mimea ya kulisha viwavi kwa wahamaji wanaojulikana zaidi ni hii. Danaus chrysippus, wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe ya familia ya Apocynaceae: Gomphocarpus, Calotropis, Pergularia, Cynanchum. Ndugu yake wa Amerika, kipepeo monaki (Danaus plexippus), hukulia kwenye Asclepias na jamaa zake wa karibu sana tu. Catopsilia florella, mweupe au wa manjano hafifu, hutaka Senna na Cassia. Belenois aurota, mweupe mwenye mishipa ya kahawia, hutaka familia ya Capparaceae: Boscia, Maerua, Cadaba, Capparis. Vanessa cardui ana mdomo mpana kuliko wote hawa: hula Cirsium na Carduus zenye majani ya miiba, Malva za jamii ya bamia, na Echium.

Usijaribu kuwapandia wote. Chagua wawili wanaopita kwenu kweli, uwapandie vya kutosha. Mimea midogo kama Gomphocarpus au Asclepias panda sita hadi kumi kwa nafasi ya sentimita 50 hivi, pamoja, maana jike anayepita hewani huona kundi kwa urahisi kuliko shina moja lililojificha kati ya waridi. Kwa kichaka kama Senna, kimoja au viwili vinatosha, majani yake ni mengi. Weka pale jua linapopiga saa sita au zaidi kwa siku na upepo umekingwa upande mmoja. Kipepeo hupasha misuli ya kurukia kwa jua, na tuta la kivulini hatalitazama hata kama lina kila kitu.

SWALI: Mnasema mimea ya asili. Asili ya wapi? Rafiki yangu ana Tithonia na Lantana na vipepeo wamejaa. Zina ubaya gani?

JIBU: Asili ya pale ulipo, si asili ya bara zima wala ya picha nzuri uliyoiona. Tithonia diversifolia kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Huko ni mmea kama mingine. Ikivuka bahari inasambaa kando ya barabara na mito na kuisonga mimea mingine. Lantana camara ya Amerika ya kitropiki imefanya hivyo hivyo Afrika, Asia na Australia. Buddleja davidii kutoka China inaota hadi kwenye kingo za reli huko Ulaya. Zote tatu zina nekta na vipepeo watazijaza, hilo halina ubishi. Hasara inatokea nje ya uzio wako, pale ambapo ile Boscia au Senna ya porini iliyokuwa inalisha viwavi inakosa nafasi. Unampa kipepeo kinywaji huku unamnyang'anya kitalu.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa macho ya haraka: mmea mgeni unaofanana kwa kemia na mmea halali. Amerika Kaskazini kuna mitambazi miwili kutoka Ulaya, Vincetoxicum nigrum na Vincetoxicum rossicum, iliyo karibu kiukoo na Asclepias. Monaki jike hudanganyika akataga juu yake. Mayai huanguliwa, viwavi hufa wote. Bustani ya namna hiyo ni mtego hata kama mwenyewe anaamini anasaidia.

Kabla ya kupanda, fanya hivi. Piga picha ya tawi lenye ua, tunda, na jani pande zote mbili. Peleka kwenye hebaria (mahali panapohifadhiwa mimea iliyokaushwa), bustani ya mimea, au ofisi ya misitu iliyo karibu. Programu ya iNaturalist nayo husaidia kwenye hatua ya kwanza, mradi usikubali jibu lake bila mtu mwenye ujuzi kulithibitisha. Uliza mambo matatu kwa mpangilio huu: ni jenasi na spishi gani, inaota yenyewe porini katika ukanda huu au imeletwa, na je, imeorodheshwa kuwa vamizi. Njia nyingine, ambayo sisi tunaipenda zaidi, ni kumfuata jike anayetaga kwenye vichaka visivyolimwa. Akikunja tumbo na kuligusisha jani, subiri aondoke, kisha angalia upande wa chini. Ukikuta yai, huna haja ya kuuliza kama mmea huo unafaa.

Usichimbe mimea ya porini. Chukua mbegu, na zisizidi sehemu moja ya kumi ya zilizopo.

SWALI: Mbegu za Senna nimepanda mara tatu hazioti. Za Asclepias nilizotumiwa na ndugu anayeishi nchi ya baridi nazo kimya. Ni mbegu mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Hizo mbili zinakataa kuota kwa sababu tofauti, na dawa ya moja haiifai nyingine.

Senna ina ganda gumu lisilopitisha maji. Chemsha maji, yaepue, yaache dakika chache yatulie, kisha yamwage juu ya mbegu kwenye bakuli, maji yawe kama mara kumi ya ujazo wa mbegu. Acha hadi kesho yake. Zilizovimba zipande siku hiyo hiyo. Zilizobaki ndogo na ngumu zikwaruze kwa msasa au zikate ncha kidogo kwa kikata kucha, upande usio na kovu la kuungia kwenye ganda, kisha loweka tena. Kosa linalotokea sana ni kuzichemsha mbegu zikiwa juu ya moto. Hizo umezipika.

Asclepias za nchi zenye majira ya baridi, mfano Asclepias syriaca, zinasubiri kupitiwa na baridi ndipo ziamke. Changanya mbegu na mchanga uliolowa, wenye unyevu wa kushikana mkononi bila kuchuruzika, tia kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friji yenye nyuzi 1 hadi 5 kwa wiki nne hadi sita. Usizitie kwenye sehemu ya barafu. Baada ya hapo panda kina cha nusu sentimita mahali penye joto. Lakini swali la kwanza kwako liwe lile la barua iliyotangulia: je, Asclepias ni ya asili kwenu? Kama si ya kwenu, mbegu hizo zibaki kwenye bahasha, na mimea ya utomvu mweupe ya ukanda wako ndiyo uitafute. Gomphocarpus, kwa mfano, haihitaji baridi. Mbegu zake zenye manyoya ya kupeperuka huota zikipandwa juu juu kwenye udongo mwepesi wenye joto na unyevu.

Wanaotaka Boscia wajue kwamba mbegu zake hupoteza uhai haraka zikikauka. Chuma tunda lililoiva, osha nyama yote, panda mara moja. Mbegu iliyokaa kabatini miezi sita si ya kutegemea.

Miche ya jamii ya utomvu mweupe ina mzizi mkuu mrefu na haipendi kuhamishwa. Ioteshe kwenye viriba virefu, uihamishe ingali na majani manne hadi sita, kabla mzizi haujajikunja chini.

SWALI: Nina kibaraza tu, hakuna ardhi. Nijisumbue?

JIBU: Ndiyo, kama kibaraza kinapata jua. Tumia ndoo au chungu cha lita 20, kina kisichopungua sentimita 30, chenye matundu manne au matano ya kutolea maji. Mchanganyiko uwe udongo wa kawaida sehemu mbili, mchanga mnene sehemu moja, mboji sehemu moja. Acha samadi mbichi na mbolea nyingi ya naitrojeni: majani yatakuwa manene na laini, na vidukari watayafuata kabla ya kipepeo yeyote. Vyungu vitatu vya mmea wa viwavi wa aina moja na viwili vya maua ya nekta ni mwanzo mzuri. Viweke vigusane. Kwenye ghorofa za juu upepo ndio adui, si urefu; ukuta wa pembeni au wavu mzito wa kukinga hutosha.

Usitarajie makundi. Mayai mawili matatu kwa msimu kwenye kibaraza ni mavuno halali.

SWALI: Nilikuwa na viwavi kumi na wawili, majani tele. Nikasafiri siku tatu, nimerudi nimekuta mashina matupu na viwavi hawapo. Wamekufa?

JIBU: Si lazima. Mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja mwishoni mwa ukuaji. La kwanza ni ulaji: kiwavi wa monaki huongeza uzito wake takriban mara 2,000 tangu anapoanguliwa, na sehemu kubwa ya chakula hicho hukiingiza katika hatua yake ya tano, ya mwisho. Ndiyo maana mmea huonekana mzima wiki nzima, kisha ukapukutika kwa siku mbili. La pili ni kwamba kiwavi aliyeshiba hushuka na kutembea mita kadhaa kutafuta pa kujining'iniza awe pupa, yaani ile hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo. Tazama chini ya vizingiti vya dirisha, chini ya vifuniko vya ndoo, kwenye uzio, kwenye matawi ya mimea mingine. Pupa wa jamii ya Danaus ni wa kijani laini mwenye vitone vya dhahabu, na huwa wazi kabisa mbele ya macho bila kuonekana.

Kama viwavi walikuwa wadogo bado, basi ndiyo, wameliwa. Buibui, vunjajungu, nyigu na sisimizi huchukua wengi, na wapo nzi na nyigu wanaotaga ndani ya mwili wa kiwavi. Jike hutaga mayai mamia kwa hesabu hiyo hiyo, na wachache mno ndio hufika hatua ya kuruka. Tuta lililo hai lina hao walaji. Sisi hatushauri kuwaondoa.

Chakula kikiisha kweli, wahamishie kwenye mmea mwingine wa jenasi ile ile. Usiwavute, kiwavi anayejibandua ngozi hushikilia jani kwa nyuzi na ukimng'oa unamchana. Kata jani alilokalia, uliegeshe kwenye mmea mpya, atavuka mwenyewe. Kuwapa vipande vya matango au boga ni habari inayosambazwa sana. Viwavi wa hatua ya mwisho watatafuna, lakini vipepeo wanaotoka mara nyingi huwa dhaifu. Panda mingi zaidi msimu ujao, ndiyo tiba.

Na usidhani mmea una ugonjwa kila unapoona jani linalegea. Viwavi wakubwa wa Danaus hung'ata kikonyo cha jani kwanza ili kukata mkondo wa utomvu unaonata, ndipo wale. Jani linaloning'inia likiwa na kidonda kwenye kikonyo ni alama kwamba mwenye nyumba yupo. Vivyo hivyo utando mweupe kwenye majani ya Cirsium au Malva: usiufagie ukidhani ni wa buibui. Ukiufungua polepole utamkuta kiwavi wa Vanessa cardui amejikunja ndani.

SWALI: Shina za Gomphocarpus zimefunikwa na wadudu wa manjano. Jirani anasema nipige maji ya mwarobaini kwa kuwa ni dawa ya asili, haina madhara.

JIBU: Jirani ana nia njema, ila usipige. Mwarobaini huvuruga kujibandua ngozi kwa wadudu, na hautofautishi kidukari na kiwavi. Dawa ya bakteria Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki, inayouzwa kama dawa salama, ni mbaya zaidi kwako wewe: inalenga mahsusi viwavi wa vipepeo na nondo. Maji ya sabuni nayo huua kiwavi na yai vikilowa.

Hao wa manjano wenye miguu myeusi ni Aphis nerii. Majike huzaa bila madume, tena huzaa watoto hai, ndiyo maana wanafunika shina kwa siku chache. Wanachukiza kuliko wanavyodhuru. Mmea uliokomaa huwavumilia. Ukitaka kuwapunguza, kwanza kagua chini ya majani. Yai la Danaus ni la rangi ya maziwa, lina mistari ya kusimama, na ukubwa wake ni wa kichwa cha pini. Likiwepo, acha jani hilo. Kisha shika shina kati ya kidole gumba na cha shahada, uvipangusie vidukari chini, au viangushe kwa maji ya kasi asubuhi. Rudia baada ya siku tatu. Ukiona vidukari vilivyovimba, vya kahawia, vikavu, viache: ndani yake kuna vinyigu wanaokufanyia kazi.

Kubwa kuliko vidukari ni miche unayonunua. Baadhi ya vitalu hutumia neonikotinoidi, dawa zinazoingia ndani ya mmea na kukaa kwenye jani, chavua na nekta kwa miezi. Mche kama huo hauna hata tundu moja la mdudu, unapendeza, na viwavi wake huanguka mmoja mmoja. Uliza kabla ya kulipa. Muuzaji asipojua alichotumia, otesha mwenyewe kwa mbegu.

SWALI: Kwa nini niwaache waliwe nje? Nimefuga viwavi 60 ndani ya vyandarua na wote wametoka salama.

JIBU: Mmoja au wawili kwa ajili ya kuwafundisha watoto, hakuna neno. Sitini ni wengi mno. Msongamano hueneza magonjwa, hasa kimelea Ophryocystis elektroscirrha kinachowapata monaki na jamaa zake. Mbegu za kimelea hicho hukaa kwenye magamba ya kipepeo, humwagika kwenye jani wakati wa kutaga, kiwavi huzila, na kipepeo hutoka na mabawa yaliyokunjamana au hutoka mzima huku amebeba ugonjwa. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa monaki waliokuzwa ndani walishindwa kushika uelekeo wa kusini ambao wenzao wa nje waliushika. Kipepeo anayehama anasoma jua, joto na urefu wa mchana tangu utotoni. Chumbani hayo yote yamebadilika.

Kimelea hicho hicho ndicho sababu ya ugomvi kuhusu Asclepias curassavica kusini mwa Marekani. Mmea huu wa Amerika ya kitropiki haufi majira ya baridi pale baridi inapokuwa hafifu. Vipepeo hubaki wakizaliana badala ya kuendelea na safari, na mbegu za kimelea hurundikana kwenye majani yale yale. Aliye nao maeneo hayo aukate hadi sentimita 15 toka ardhini kila vuli na kurudia ukichipua, na taratibu aubadilishe kwa Asclepias za pale pale.

SWALI: Wiki iliyopita maelfu ya vipepeo weupe walipita juu ya nyumba siku nzima, wote upande mmoja. Hawakutua hata kwenye tuta langu. Nimevunjika moyo.

JIBU: Kipepeo aliye safarini hufuata mstari. Huruka mita chache toka ardhini, akikuta nyumba hupanda juu yake badala ya kuizunguka, na hali ya hewa ikiwa nzuri havutwi na maua. Atashuka jua likiinama, upepo ukimgeukia, au mawingu yakifunga. Kwa hiyo kinachokufaa ni maua yanayopata jua la alasiri, na miti au ua mrefu upande wa upepo wa kulala usiku. Wengine hawapiti hata kwa kiwango cha macho: Vanessa cardui wanaorudi kusini kutoka Ulaya walionwa kwa rada wakipaa mamia ya mita juu. Na mwaka 2013 kundi la spishi hiyo lilikutwa ufukweni Guyana ya Ufaransa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha walivuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, kilomita 4,200 au zaidi.

Wakipita tena, andika. Chagua alama mbili, tuseme miti miwili iliyoachana mita 20, simama, hesabu wanaokatiza katikati kwa dakika tano, rudia kila saa. Andika tarehe, saa, uelekeo kwa dira, upepo unatoka wapi. C. B. Williams, mtaalamu wa wadudu Mwingereza aliyefanya kazi pia kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, miaka ya 1920, alijenga elimu ya uhamaji wa vipepeo kwa kukusanya kumbukumbu za aina hiyo kutoka kwa watu wengi. Kisha subiri wiki mbili, ukague majani ya Maerua na Boscia. Belenois, wale weupe tuliowataja mwanzo, hutaga mayai kwa vikundi, na kwenye msafara mkubwa daima wapo wanaochelewa.

SWALI: Je, niwawekee maji ya sukari? Na wale wanaokusanyika kwenye tope wanafanya nini?

JIBU: Sukari acha. Huchacha kwa siku moja na kuleta sisimizi hadi kwenye mayai. Matunda yaliyooza yanawavuta zaidi vipepeo wa misituni kama Charaxes kuliko wahamaji tuliowataja.

Wa kwenye tope wengi ni madume wanaotafuta chumvi na madini ambayo nekta haina. Jaza sahani pana ya kina cha sentimita nne kwa mchanga na udongo kidogo, tia chumvi ya kushika kwa vidole viwili, lowesha mpaka mchanga ung'ae bila maji kusimama. Maji yakisimama umefuga mbu. Ongeza maji kila asubuhi, badilisha mchanga kila baada ya wiki mbili.

SWALI: Nina mbuzi na watoto wadogo. Huo utomvu mweupe una sumu?

JIBU: Unayo. Sumu hiyo huathiri moyo, na ndiyo inayomfanya kiwavi wa Danaus asipendwe na ndege. Mifugo kwa kawaida huukwepa mmea mbichi kwa uchungu wake. Hatari ni ukikatwa ukachanganyika na nyasi kavu. Panda ndani ya uzio, mabaki usiyatupe zizini. Vaa glavu unapopogoa na usiguse macho. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 kisha nenda zahanati, hata kama maumivu yametulia, maana uvimbe wa kioo cha jicho unaweza kuja saa kadhaa baadaye. Penye watoto wanaotia kila kitu mdomoni, anza na mimea ya jamii ya Malva, uiache hii mpaka wakue.

SWALI: Nikate lini? Tuta limekuwa pori, na wanaopita wanadhani nimelitelekeza.

JIBU: Weka mpaka nadhifu wa mawe au nyasi fupi mbele, na kibao kidogo ukipenda, watu huvumilia pori lenye ukingo. Kukata, usikate lote kwa mpigo. Gawanya tuta mara tatu. Theluthi ya kwanza ikate hadi sentimita 20 majani yanapoanza kukomaa na kuwa magumu, ili machipukizi mapya yawe tayari wiki tatu hadi nne baadaye. Jike hupendelea jani changa. Theluthi ya pili ifuate mwezi mmoja mbele. Ya tatu usiiguse hadi msimu wa kupita uishe. Kwenye kanda za mvua, pigia hesabu ili machipukizi yakutane na wiki za mwanzo za mvua. Kwenye kanda za baridi, maua ya mwisho wa msimu kama Solidago na Symphyotrichum huko Amerika Kaskazini usiyakate kabisa kabla ya vuli kwisha, kwani monaki wanaoelekea Mexico huyageuza mafuta ya mwilini ya kuwavusha miezi ya baridi.

Kabla ya panga kupita, kagua kila shina chini ya majani. Na ulichokikata usikichome wala kukitia kwenye shimo la mboji siku hiyo: kilaze pembeni kivulini wiki mbili, pupa aliyekuwa amening'inia huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kutoka.